Kiraka cha Simenti Kwenye Nyumba ya Mawe

Simu ya Zainabu ilinikuta kibarazani nachambua mchicha, miwani imenishuka puani. Alinisalimu shikamoo, hakusubiri niitikie. "Mama mkubwa ametutoka alfajiri," akasema. "Tunazika alasiri, bibi, hutawahi. Lakini kwenye hitima ya siku ya tatu lazima uje. Mtani uliyebaki ni wewe tu, usituache tulie peke yetu." Mama mkubwa wake alikuwa Mwanahawa, mkutubi wa Morogoro, Mluguru wa Kinole. Mimi ni Mnyamwezi. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mizigo ya kichwani, na msiba wa Mluguru usio na mtani wa kuuchezea hukosa chumvi. Niliacha mchicha kwenye ungo nikaenda kutafuta kanga. Kesho yake, basi zima watu wanasinzia, nilikuwa macho nawaza mwaka mmoja tu kati ya miaka yote niliyomjua, mwaka tuliolala chumba kimoja, nikala magimbi mpaka nikayaota, na nusura nisababishe kubomolewa nyumba ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyepigania ibaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi sanifu wa majengo, cheti changu hata hakijapata fremu. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kila mtu akiitwa ndugu, na kila mkoa ukitaka watu wazima wajue kusoma. Niliripoti ofisi ya ujenzi Morogoro nikiwa na sanduku moja la bati na rula yangu ya T, na Bwana Haule, mhandisi wetu, akanionyesha ubao wa kuchorea ulio dirishani. Kutoka pale niliiona milima ya Uluguru yote, asubuhi imevaa mawingu, mchana imeyavua. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kunakili ramani ya maktaba mpya: jengo la zege, refu, la mstatili, madirisha ya luva pande mbili. Mahali pa kulijenga palikuwa na nyumba ya zamani ya mawe, iliyojengwa wakati wa Mjerumani kuwa ghala la mizigo ya misafara, na kwenye ramani ilikuwa imezungushiwa mstari wa nukta nukta. Mstari huo kwa lugha yetu maana yake ni bomoa.

Nilitumwa kuipima kabla haijabomolewa. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Morogoro linachoma utosi. Nilipoingia ndani nilisimama tu, kwa sababu palikuwa na ubaridi wa mtungini. Kuta zilikuwa nene kiasi cha mkono wangu mzima, na kila dirisha lilikuwa na kina cha kutosha mtu kukaa humo, miguu ameikunja. Kwenye mojawapo alikaa mzee mmoja anakula fenesi. "Karibu," akasema, "Mnyamwezi wa Tabora." Nikamuuliza amejuaje nimetoka Tabora. "Nimekuona unavyoiangalia baraza. Babu zako walilala hapo na mizigo yao, wakatuachia chawa. Umekuja kuwachukua?" Ndivyo nilivyokutana na Mzee Kibwana, fundi mwashi, na ndivyo nilivyojua kwamba mji huu nitauweza. Nikamwambia chawa wale walikuwa wanene kuliko watoto wa Kiluguru. Akacheka mpaka mbegu ya fenesi ikamtoka mdomoni, akanipa kipande. Nilipomwuliza sababu ya kukaa ndani ya nyumba ya Mjerumani, alifuta mikono kwanza. "Mjerumani alikaa kivulini," akasema. "Mawe haya aliyashusha mlimani mjomba wangu na wenzake. Chokaa aliichoma mjomba wangu. Nyumba ni ya mjomba." Kwa Waluguru mjomba ndiye mkubwa wa mtu, ukoo unakwenda kwa mama, kwa hiyo nilielewa kwamba hajaniambia jambo dogo.

Niliporudi ofisini nilimwomba Bwana Haule siku tisa. Nilichora upya. Nyumba ya mawe ikawa chumba cha kusomea, jengo jipya la zege likakaa nyuma yake na rafu, na katikati nikaviunganisha kwa ukumbi mfupi wa vioo, ili mtu akitoka chumba kimoja kwenda kingine aione milima. Nilikosea nikafuta kwa wembe, nikakosea tena, mpaka karatasi ikatoboka nikaanza nyingine. Sijawahi kuwa na furaha kama ya siku zile tisa, na nimeolewa na nimezaa. Bwana Haule aliitazama ile ramani, kalamu mdomoni. "Binti, hapa umenichorea ndoa," akasema. "Bibi kizee na kijana. Haya, tuwaozeshe. Lakini wakigombana, jina lililo hapo chini ya ramani ni lako, si langu."

Mzee Kibwana ndiye aliyenipatia makazi, nyumbani kwa dada yake, Bi Tatu, na chumba nikashirikiana na binti wa Bi Tatu, ndiye Mwanahawa. Alikuwa ameajiriwa kusubiri maktaba ambayo haijajengwa, na wakati anaisubiri alifundisha kisomo cha watu wazima jioni. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, meza moja iliyojaa kadi zake za vitabu, na pazia la kanga badala ya mlango. Humo ndimo maktaba ile ilimochorwa kwa kweli, mchana wa Jumapili, Bi Tatu akituletea magimbi ya kuchemsha na chai ya mdalasini kutoka Kinole. Mwanahawa alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa isiyolingana na mwili, na hata alipojaribu kunong'ona jirani alisikia. Alinikosoa bila huruma. "Rafu hii nani ataifikia, twiga?" Nikaishusha. Siku moja aliweka kidole kwenye madirisha yangu yenye kina. "Hapa uweke mbao za kukalia," akasema. "Wanafunzi wangu wa kisomo ni watu wazima. Wanaona haya kutamka herufi mbele ya watoto. Kila mmoja apate dirisha lake, awape watu mgongo, asome polepole." Sikuwa nimelifikiria hilo, na chuoni hakuna aliyenifundisha. Nikachora mbao sita, na mpaka leo nikiulizwa ni kitu gani kizuri nilichopata kukichora, nasema zile mbao.

Aliyepinga alikuwa Ndugu Katibu wa Chama. Hakuwa mtu mbaya, na napenda lijulikane hilo. Baba yake aliwahi kufungiwa na wakoloni ndani ya ghala lile, na kila alipopita alitema mate pembeni. "Tunajenga taifa jipya," alituambia, "na nyie mnalibandika kwenye jela ya baba yangu." Mwishowe alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba siku nyumba ile ikionyesha ubovu wowote, itaangushwa bila mjadala. Ujenzi ukaanza. Kila Jumamosi watu walikuja kujitolea, wanawake wakibeba mchanga wa mtoni kwa makarai, wanaume wakichanganya zege, nyimbo hazikatiki, na tukashiba mihogo ya kuchemsha pamoja. Jengo jipya likainuka. Na hapo ndipo kichwa changu kilipovimba.

Niliiangalia nyumba ya mawe kando ya zege jipya nikaona aibu. Chokaa yake ilikuwa imechakaa, ina mabaka. Simenti siku hizo ilikuwa adimu, ikiombwa kwa barua, watu wakiipata waliishangilia, na sisi tulikuwa na mifuko iliyobaki. Nikaamuru nyumba ya mawe ikwanguliwe chokaa yote, ipigwe lipu ya simenti ndani na nje, ing'ae sawa na mwenzake. Watu wakafurahi mno. Kuipa nyumba kongwe simenti ilikuwa heshima, ni kama umemnunulia bibi yako viatu. Mzee Kibwana peke yake aliushika mwiko wake, akaufuta kwa kitambaa, akautia mfukoni mwake. "Mimi siwezi kumziba mtu pua," akasema. "Ukuta huu unapumua. Mawe yanavuta maji ya ardhini, chokaa inayatoa. Simenti haitoi." Nikamjibu kwa utani, mbele ya watu, kwamba Waluguru wanaogopa simenti kwa sababu haioti mlimani. Walicheka wote. Naye alicheka. Akaenda kukaa kivulini Jumamosi sita, na mimi sikumwendea hata mara moja kumwuliza vizuri. Nilikuwa na cheti.

Masika yakashuka kutoka milimani, mvua juu ya mvua, mto ukawa rangi ya chai ya maziwa. Siku ya tano nilimkuta Mwanahawa katika chumba cha kusomea, amesimama katikati, hasemi kitu, jambo ambalo peke yake lilitosha kunitisha. Ukuta ulikuwa unatoka jasho. Chini kote rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na palikuwa na harufu ya nguo zilizoanikwa ndani. Alifungua sanduku la kwanza la vitabu vipya, akanionyesha ukungu wa kijani umetambaa kwenye majalada. Alikuwa amevisubiri vitabu vile mwaka mzima. Aliketi sakafuni akaanza kuvipangusa kimoja kimoja kwa upindo wa kanga yake, na mimi nikaketi naye, na tukiwa pale pale kipande cha lipu kikubwa kama sinia kikabanduka kikaanguka mezani. Habari ilimfikia Ndugu Katibu kabla ya adhuhuri. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nyumba imejionyesha yenyewe, na Jumamosi watu watakutana pale pale wakubaliane kuiangusha.

Bwana Haule aliniambia ninyamaze. "Sema msingi ni mkongwe, basi," akashauri. "Nani atajua? Ukisema ni lipu, umejiandikia barua ya kufukuzwa." Ijumaa mchana nilijilaza kitandani, mvua inapiga bati, nikajifanya nimelala. Upande wa pili wa pazia Mwanahawa alikuwa na mjomba wake na mama yake, na ile sauti yake, hata ilipofichwa, haikufichika. "Mjomba, si uwaambie kwamba ni simenti? Wewe watakusikiliza. Kesho wanaibomoa!" Nikasikia Mzee Kibwana anavuta chai. "Nikisema mimi," akajibu, "nitakuwa nimemvua nguo yule mtoto mbele ya watu. Mtani wangu. Mimi namtukana tumbo lake, namtukana babu zake, namwambia ana miguu ya kuku. Kazi yake simtukani. Kazi ndiyo ugali wake." Bi Tatu akamwuliza, "Na nyumba ya mjomba?" Nikasikia kikombe kinawekwa chini. "Mjomba amekufa," akasema. "Huyu yuko hai, amelala hapo."

Nilikuwa macho, na nilitamani ardhi inimeze na kitanda changu. Mpaka leo nikiikumbuka sauti ya kikombe kile uso unanichoma. Mtu niliyemcheka Jumamosi sita alikuwa tayari kuitazama kazi ya mjomba wake ikiangushwa, ili mimi nisikose ugali. Nililia kimya kimya, na nilipomaliza kulia sikuwa tena na shaka ya kufanya nini. Chakula cha jioni kilikuwa magimbi na maharage, nikala sana. Bi Tatu aliniangalia akashangaa.

Jumamosi mvua ilipumzika. Watu walijaa mbele ya baraza, wamekuja na sululu na makarai yao yale yale waliyojengea. Ndugu Katibu alieleza kwa ufupi, akauliza kama kuna neno. Nikasimama kwa miguu yangu ya kuku. Nikasema nyumba hii haina kosa. Nikasema niliambiwa ukuta unapumua, nikacheka, nikauziba. Simenti ndiyo inayozuia maji ndani, na aliyeamuru simenti ni mimi, na jina lililo chini ya ramani ni langu. Nikawaomba waiache nyumba, tubandue lipu, turudishe chokaa. Bwana Haule alikuwa anaangalia viatu vyake. Kisha mama mmoja wa mbele, Mama Saidi, aliyekuwa akibeba mchanga huku ana mtoto mgongoni, alilitupa karai lake chini likalia. "Jumamosi zangu sita!" akasema. "Shingo yangu hii! Unaniambia nilikuwa nabeba upuuzi?" Nikamwambia ndiyo, mama, na nisamehe, upuuzi ni wangu. Hakusema amenisamehe. Alikuwa na haki yake.

Ndipo Mzee Kibwana aliposimama, akakohoa kwa madaha. "Jamani, nyie mnashangaa nini?" akasema. "Wanyamwezi hawa! Tuliwaazima baraza walale, wakatuletea chawa. Leo wamerudi na cheti, wanatuziba na pua!" Mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine, na kicheko kikaenda kikitanda mpaka nyuma. "Mimi ni mtani wake," akaendelea, "kwa hiyo mwenye kumtoza faini ni mimi, si mwingine. Ataanza yeye kubandua. Na kifusi atakibeba kichwani, kwa ngata, mpaka barabarani, tuone kama kazi ya babu zake bado anaijua!" Alikuwa amenisubiri nijivue mwenyewe, na nilipojivua tu alinifunika. Nilimwangalia Ndugu Katibu. Naye aliiangalia ile nyumba kwa muda, akauliza, "Mzee, ikirudishiwa chokaa, itasimama?" Mzee Kibwana akamjibu kwamba ilisimama ikiwa na baba yake Katibu ndani, na baba yake alitoka, na sasa mjukuu wa baba yake anaweza kuingia humo kusoma kwa hiari yake. Ndugu Katibu hakutema mate siku ile. Akasema tutajaribu.

Nilisokota kanga ya Mwanahawa nikaifanya ngata, nikabeba. Watoto walinifuata wakiimba kwamba msafara umefika. Safari ya tatu nilikuta Mama Saidi amejitwika karai nyuma yangu, amekunja uso, lakini amebeba. Tulibandua majuma mengi. Ukuta tuliuacha wazi ukauke, na Mzee Kibwana alinifundisha kuloweka chokaa shimoni, kuifunika, kuisubiri, kuigeuza mpaka inanata kwenye mwiko na kuteleza kama siagi. Mvua zilipokwisha tuliipaka, na nyumba ikaanza kunuka ubaridi wake wa zamani. Kutoka ofisini nilipata barua ya onyo, ninayo bado, na ugali wangu haukukatwa. Kando ya mlango, Mzee alikataza kipande kimoja cha simenti kibanduliwe, cha ukubwa wa sinia. "Hiki ni cha mtani," akasema, "kila mwaka kimkumbushe."

Maktaba ilifunguliwa kiangazi. Sikumbuki hotuba. Nakumbuka juma la kwanza, mchana, ukumbi wa vioo umejaa milima, na katika dirisha la tatu Mama Saidi amekaa juu ya ubao wangu, amewapa watu mgongo, kidole kinatambaa chini ya mstari, midomo inasogea. Sikumsalimu, nilipita kwa kunyata. Mwanahawa alikuwa mezani kwake na mhuri wake, akanong'ona, "Umemwona?" na chumba kizima kikageuka kututazama.

Mwisho wa mwaka nilihamishwa mkoa mwingine, nikajenga mengi, nikazeeka. Lakini kila masika, kwa barua kwanza na baadaye kwa simu, Mwanahawa hakukosa hata mwaka mmoja. Hata alipostaafu alikwenda maktaba kwa makusudi hayo tu. Hakusalimu. Alianza moja kwa moja: "Mtani, kiraka chako kinatoka jasho huku." Nami kila mwaka nilimjibu vilevile: "Kipanguse basi, Waluguru mna kazi gani nyingine?" Kisha ndipo tulipoulizana hali.

Nilifika nyumbani kwao wanawake wamejaa mkekani, nyuso zimevimba. Sikutoa pole, mtani haanzi na pole. Nilivua viatu, nikalichukua daftari lililokuwa dirishani, nikakaa kwenye kigoda cha Mwanahawa nikakunja mdomo kama yeye, nikapiga mhuri wa hewani, pa, pa, nikamnong'oneza mama wa jirani kwa sauti ya kuamsha mtaa kwamba kitabu chake kimechelewa. Walianza kucheka huku machozi yanawatoka. Nikanyanyua simu ya mkononi isiyo na mtu ndani yake, nikasema kwa sauti ya Mwanahawa, "Mtani, kiraka chako kinatoka jasho huku." Halafu nikakwama. Zamu ya kujibu ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa nimekaa mahali pake. Nikabaki nimeishikilia simu sikioni. Na kutoka jikoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, akatokea Zainabu. "Kipanguse basi!" akaniitikia. "Waluguru mna kazi gani nyingine?"